Kétévi Assamagan: mwanafizikia wa chembe ndogo na shule iliyofika Kigali

Mwezi Agosti 2016 Kigali ilipokea wanafunzi wa fizikia kutoka nchi nyingi za Afrika kwa wiki tatu za masomo ya Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake. Miongoni mwa waasisi wa shule hiyo ni Kétévi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo anayefanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, jimbo la New York nchini Marekani. Yeye ni mmoja wa wanasayansi wa ATLAS, jaribio ambalo mwaka 2012, pamoja na jaribio ndugu la CMS, lilitangaza kuonekana kwa chembe mpya iliyotafutwa kwa miongo minne na zaidi: bosoni ya Higgs.

Kwa msikilizaji wa Rwezamenyo, Nyamirambo au Biryogo, habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Kampasi ya Sayansi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda iko katika wilaya ileile ya Nyarugenge, mwendo mfupi wa pikipiki kupanda kuelekea katikati ya mji. Ndani ya kampasi hiyo leo mnafundishwa fizikia hadi ngazi ya uzamivu, jambo ambalo kijana wa mitaa hii, miaka kumi na mitano iliyopita, angelifuata ng'ambo au angeliacha kabisa. Namna mabadiliko hayo yalivyokuja haiwezi kuelezwa bila kueleza kazi ya watu kama Assamagan, na kazi yao haieleweki bila kujua wanatafuta nini.

Kutoka Lomé hadi Virginia

Assamagan alisoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Lomé, mji mkuu wa Togo, kisha akavuka bahari kwenda Marekani. Shahada ya uzamili aliipata Chuo Kikuu cha Ball State, jimbo la Indiana, na ile ya uzamivu Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1995. Mtu aliyezoea masomo ya Kifaransa akalazimika kusoma hesabu ngumu kwa Kiingereza. Wengi wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wanaijua safari hiyo bila kuhitaji kuelezwa.

Katika fizikia kuna kambi mbili. Wananadharia huandika milinganyo na kutabiri kile kinachopaswa kuwepo. Wanafizikia wa majaribio hujenga vyombo, hupima, na husema ndiyo au hapana. Assamagan ni wa kambi ya pili. Kazi ya kambi hiyo huwa haina sifa nyingi: ni ya nyaya, sumaku, programu za kompyuta na subira ya miaka.

Kupima kisichoonekana

Utafiti wake wa uzamivu ulifanyika katika Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, na swali lake lilikuwa fupi: je, nyutrino ya muoni ina uzito, na kama unao, ni kiasi gani? (Vitabu vya shule huuita uzito wa namna hii tungamo.)

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji ya umeme ambayo hupita katika maada karibu bila kuigusa. Matrilioni ya nyutrino kutoka Jua hupenya mwili wa msomaji wa makala haya kila sekunde, naye hahisi chochote. Chembe ya tabia hiyo haiwekwi juu ya mizani. Kwa hiyo watafiti walitumia njia ya pembeni. Walichukua chembe iitwayo pioni, wakaisimamisha ndani ya kipande kidogo cha maada hadi ikatulia, kisha wakasubiri ivunjike. Pioni iliyotulia huvunjika na kutoa vitu viwili tu: muoni, ambayo ni kama elektroni iliyo nzito mara 207, na nyutrino. Viwili hivyo hurushwa pande mbili tofauti kwa msukumo ulio sawa.

Mvuvi wa Ziwa Kivu analijua jambo hili kwa mwili wake: mtu akiruka kutoka ncha ya mtumbwi, mtumbwi hurudi nyuma. Hata ukifumba macho usimwone aliyeruka, ukipima kwa makini jinsi mtumbwi ulivyorudi, utaweza kukadiria alivyokuwa. Ndivyo ilivyofanyika Uswisi. Muoni ndiyo mtumbwi, nyutrino ndiye aliyeruka. Msukumo wa muoni ulipimwa kwa sumaku kwa usahihi wa takribani sehemu nne katika kila milioni moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996, Assamagan akiwa mwandishi wa kwanza, yalionyesha kwamba uzito wa nyutrino hiyo hauwezi kuzidi theluthi moja hivi ya uzito wa elektroni.

Msomaji anaweza kusema: kumbe hawakuupata uzito, walipata mpaka tu. Ni kweli, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kuieleza sayansi hii kwa lugha ya magazeti. Sehemu kubwa ya kazi ya mwanafizikia wa majaribio ni kusema kwa uhakika mahali ambapo kitu hakipo, ili atakayefuata asipoteze muda hapo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, jaribio la Super-Kamiokande nchini Japani lilithibitisha kwa njia nyingine kabisa kwamba nyutrino zina uzito, ingawa ni mdogo mno kuliko mpaka huo. Hata hivyo, kipimo cha Uswisi kimeendelea kutajwa katika majedwali ya marejeo kama kipimo cha moja kwa moja cha nyutrino ya muoni.

Muoni zenyewe hazipatikani maabara pekee. Huzaliwa angani kila mara miale ya kutoka mbali inapogonga hewa ya juu, na hunyesha juu yetu usiku na mchana. Kiganja kilichofunguliwa hupitiwa na moja hivi kila sekunde. Kigali, kwa kuwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupata kidogo zaidi kuliko Mombasa.

Chombo chenye uzito wa tani 7,000

Baada ya shahada ya uzamivu, Assamagan alifanya kazi na Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia, mojawapo ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, na akaingia katika matayarisho ya jaribio la ATLAS. Mwaka 2001 alijiunga na Brookhaven, maabara iliyoanzishwa 1947 katika kisiwa cha Long Island.

ATLAS ni kigunduzi kilichojengwa chini ya ardhi huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Kina urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na uzito wa takribani tani 7,000. Kinazunguka sehemu moja ya mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya chembe, ambao ni handaki la mviringo lenye mzingo wa kilomita 27, lililochimbwa takribani mita 100 chini ya mashamba na vijiji. Kama mduara huo ungechorwa juu ya ramani ya Kigali ukianzia Rwezamenyo kuelekea mashariki, ukingo wake wa pili ungekaribia uwanja wa ndege wa Kanombe. Ndani ya handaki hilo protoni huzungushwa zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, nusu zikienda upande huu na nusu upande ule, kisha hugonganishwa.

Nishati ya mgongano hugeuka kuwa chembe mpya. Nyingi huishi kwa muda mfupi usioelezeka na kuvunjika papo hapo, hivi kwamba kigunduzi hakizioni zenyewe bali huona vipande vyake. Kwa sababu hiyo ATLAS imejengwa kwa matabaka kama kitunguu: tabaka la ndani hufuata njia za chembe zenye chaji, linalofuata hupima nishati, na la nje kabisa huzisubiri muoni, kwa kuwa hizo ndizo zinazopenya chuma chote na kutoka upande wa pili.

Assamagan alirudi kwenye muoni. Brookhaven ilihusika na vyumba maalumu vya kugundua muoni vilivyowekwa kwenye miisho miwili ya chombo, karibu na njia ya protoni, mahali ambapo chembe huja kwa wingi kama mvua ya masika. Vilikuwa vyumba 32, kumi na sita kila upande, vyenye gesi, nyaya nyembamba na mistari ya shaba. Muoni ikipita hung'oa elektroni katika gesi, elektroni hukimbilia kwenye nyaya, na mistari husema ilipita wapi kwa usahihi unaofika sehemu ndogo ya milimita. Kazi ya Assamagan iligusa hasa programu za kompyuta: jinsi ya kuiga tabia ya vyumba hivyo kabla havijawashwa, na jinsi ya kuunganisha alama zilizotawanyika hadi ziwe njia moja ya muoni moja. Vyumba hivyo vilitumika kwa muongo mmoja hivi, kisha vikaondolewa wakati wa matengenezo makubwa ya miaka ya 2019 hadi 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na vipya.

Mtambo uliwashwa tarehe 10 Septemba 2008. Siku tisa baadaye kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku kiliharibika, heliamu ikavuja kwa nguvu, sumaku kadhaa zikang'oka mahali pake, na kazi ikasimama zaidi ya mwaka mzima. Migongano ya nishati kubwa ilianza tarehe 30 Machi 2010.

Sindano katika ghala la majani

Mwaka 1964 Peter Higgs wa Edinburgh, na kwa upande wao Robert Brout na François Englert wa Brussels, walipendekeza kwamba ulimwengu wote umejaa uga usioonekana, na kwamba chembe nyingine hupata uzito kwa kuingiliana na uga huo. Kama uga upo, ukitikiswa kwa nguvu ya kutosha lazima utoe chembe yake. Hiyo ndiyo bosoni ya Higgs. Neno bosoni halina tafsiri ya Kiswahili na halihitaji kuwa nayo. Limetokana na jina la Satyendra Nath Bose, mwanafizikia wa India.

Nadharia ilisema chembe itakuwaje, isipokuwa jambo moja: haikutaja uzito wake. Ndiyo maana watafiti walilazimika kuitafuta kila mahali. Kabla mtambo haujawaka, Assamagan alikuwa miongoni mwa walioandaa ramani ya msako huo. Ripoti ya pamoja ya wataalamu wa Higgs waliokutana Les Houches, Ufaransa, mwaka 2003 inaanza na jina lake. Alichapisha pia, pamoja na wenzake, tathmini za uwezo wa ATLAS wa kuona aina nyingine ya Higgs, yenye chaji ya umeme, ambayo baadhi ya nadharia huitabiri. Baadaye alikuwa mmoja wa waratibu wa kundi la ATLAS lililoshughulikia msako wa Higgs.

Ugumu ulikuwa wa hesabu. Bosoni ya Higgs huzaliwa mara moja hivi katika kila migongano bilioni, na inapozaliwa huvunjika mara moja, mara nyingi kwa njia zinazofanana na takataka za kawaida za migongano. Njia mbili tu zilikuwa safi: ile ya fotoni mbili, ambayo hutokea takribani mara mbili katika kila Higgs elfu, na ile ya elektroni au muoni nne, ambayo hutokea takribani mara moja katika kila elfu nane. Muoni nne katika chombo kimoja, kwa wakati mmoja, zikijumlishwa nishati zake mara kwa mara zinaangukia uzito uleule: mtu aliyetumia ujana wake kujifunza kuzihesabu muoni moja moja hana haja ya kuelezwa umuhimu wa jambo hilo.

Tarehe 4 Julai 2012 ATLAS na CMS zilitangaza kwamba zote mbili zimeona chembe mpya yenye uzito wa takribani mara 133 ya protoni. Kipimo cha uhakika kilichotumika ni kikali: uwezekano wa kwamba bahati tupu ingeleta ishara kama hiyo ulikuwa chini ya mara moja katika majaribio milioni tatu na nusu. Englert na Higgs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013. Brout alikuwa amefariki mwaka 2011. Wanasayansi wapatao 3,000 wa ATLAS hawakupewa tuzo hiyo, kwa kuwa kanuni za Nobel ya fizikia haziruhusu zaidi ya watu watatu. Ni kanuni iliyopitwa na wakati. Ilitungwa enzi ambapo uvumbuzi ungeweza kutoka katika chumba cha mtu mmoja.

Orodha ya waandishi wa tangazo la ATLAS inafaa kusomwa kwa jicho la Kiafrika. Nchi mbili tu za bara hili zilikuwa na vyuo ndani yake: Moroko, iliyojiunga mwaka 1996, na Afrika Kusini, iliyojiunga 2010. Afrika Mashariki haikuwa na chuo hata kimoja. Waafrika wengine waliomo, Assamagan akiwa mmoja wao, wamo kwa majina ya taasisi za Ulaya na Marekani.

Msako wa Assamagan haukuishia hapo. Katika miaka iliyofuata alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, akiwamo Simon Connell, kuuliza kama bosoni ya Higgs inaweza kuwa mlango wa kuingia katika ulimwengu wa maada ya giza. Maada ya giza ni ile isiyotoa mwanga ambayo wanaastronomia wanaijua kwa uvutano wake tu, na ambayo ni nyingi mara tano hivi kuliko maada ya kawaida. Kama Higgs wakati mwingine huvunjika na kutoa chembe ya upande huo wa giza, ambayo nayo hugeuka kuwa muoni au elektroni mbili, alama yake ingeonekana. Matokeo ya kwanza ya ATLAS kuhusu njia hiyo yalitoka mwaka 2015. Alama haikuonekana. Mpaka ukachorwa, kama ule wa Uswisi.

Shule isiyo na jengo

Mwaka 2010, wakati mtambo wa CERN ukianza kazi kwa dhati, Assamagan na wenzake, miongoni mwao Bobby Acharya, Steve Muanza na Christine Darve, walifungua Shule ya Afrika ya Fizikia huko Stellenbosch, Afrika Kusini. Shule hiyo haina jengo. Kila baada ya miaka miwili huhamia nchi nyingine: Kumasi nchini Ghana mwaka 2012, Dakar nchini Senegal 2014, Kigali 2016, Windhoek nchini Namibia 2018. Ile iliyopangwa kufanyika Marrakesh mwaka 2020 ilivurugwa na janga la korona na masomo yakatolewa kwa njia ya intaneti 2021. Gqeberha, Afrika Kusini, ikafuata 2022, na Marrakesh ikapata zamu yake 2024.

Mwanafunzi anayechaguliwa awe amemaliza angalau miaka mitatu ya chuo. Gharama hulipwa na wafadhili, wakiwamo CERN, Brookhaven na Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Trieste, Italia. Wahadhiri hutoka pande zote za dunia na hula, hulala na kubishana pamoja na wanafunzi. Masomo hayahusu Higgs pekee: yamo mitambo ya kuongeza kasi ya chembe, fizikia ya tiba, sayansi ya maada, na matumizi ya kompyuta nyingi zilizounganishwa. Wanafunzi wa sekondari na walimu wao nao hutengewa siku zao. Baada ya wiki tatu, kazi kubwa huanza: kuandika barua za mapendekezo, kumtafutia mhitimu msimamizi wa uzamivu, kumwalika mwingine Brookhaven kwa miezi michache.

Lawama ya kawaida dhidi ya shule za aina hii ni kwamba huchota vipaji na kuvipeleka nje. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake na haipaswi kupuuzwa. Lakini mtu anayeitoa anapaswa pia kuonyesha mhitimu huyo angefanyia wapi utafiti kama angebaki, na kwa miaka mingi jibu la swali hilo katika ukanda huu lilikuwa kimya.

Agosti 2016, na mashine iliyokufa Mulago

Shule ilipofika Kigali, swali la faida ya fizikia lilikuwa limeulizwa kwa namna ya uchungu katika nchi jirani. Miezi michache kabla, mashine pekee ya Uganda ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika kiasi cha kutoweza kutengenezwa. Ilikuwa imefanya kazi tangu 1995. Nchi nzima ikabaki bila tiba hiyo. Wenye uwezo walikwenda Nairobi au mbali zaidi, na wasio na uwezo walirudi nyumbani. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Mashine hiyo ya zamani ilitumia kobalti yenye mionzi, ambayo hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kwa hiyo muda wa kumtibu mgonjwa mmoja huzidi kurefuka. Hospitali nyingi sasa hutumia mtambo wa kuongeza kasi ya elektroni. Elektroni husukumwa katika bomba, hugongeshwa kwenye chuma kizito, na hapo hutoka mionzi ya kuua uvimbe. Kanuni ni ileile ya handaki la Geneva: uga wa umeme husukuma, sumaku huelekeza, kigunduzi hupima. Tofauti ni ya kiwango, nishati ya hospitali ikiwa ya mamilioni ya elektronivolti na ile ya CERN ikiwa ya matrilioni.

Rwanda ilianza kuwa na mitambo ya aina hiyo mwaka 2019, katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda iliyoko Kanombe. Kabla ya hapo mgonjwa wa Rwezamenyo aliyehitaji tiba ya mionzi alisafirishwa nje ya nchi, kama alikuwa na wa kumlipia. Mtambo wenyewe, hata hivyo, haujiendeshi. Kila mmoja unahitaji mtaalamu wa fizikia ya tiba wa kuhakikisha kwamba mionzi inafika kwenye uvimbe kwa kipimo kilichokusudiwa, wala si pembeni yake. Kipimo kikipungua saratani hubaki. Kikizidi, kinachoungua ni kiungo kizima. Kumwandaa mtaalamu huyo huchukua miaka mingi kuliko kuununua mtambo, na ndiyo sababu fizikia ya tiba ilikuwa ndani ya ratiba ya shule tangu awali.

Kuna na chombo kingine kinachokosekana. Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na watu wengi ambalo halina mtambo wa mwanga wa sinkrotroni, yaani mtambo wa mviringo ambao elektroni zake hutoa miale mikali ya kuchunguzia dawa, virusi, udongo na madini. Miongoni mwa wanaopigania ujenzi wake ni Sekazi Mtingwa, Mmarekani mweusi aliyejichagulia jina la Kiafrika ambalo sikio la msemaji wa Kiswahili halilioni geni. Mwaka 1983, akiwa Fermilab karibu na Chicago, yeye na James Bjorken waliandika nadharia ya jinsi chembe zinazokimbia pamoja zinavyosukumana na kutawanyana, nadharia inayotumika hadi leo na wabunifu wa mitambo hiyo.

Nyarugenge baada ya shule

Mwaka 2018, miaka miwili baada ya wanafunzi wa Shule ya Afrika kuondoka Kigali, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, inayojulikana kwa kifupi EAIFR, ilianza kazi katika kampasi ya Nyarugenge ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mkurugenzi wake wa kwanza ni Omololu Akin-Ojo, mwanafizikia kutoka Nigeria. Taasisi hufundisha uzamili na uzamivu, na miongoni mwa maeneo yake ni fizikia ya chembe na ya ulimwengu, fizikia ya maada, na ile ya ardhi, somo ambalo wakazi wa kando ya Nyiragongo hawahitaji kushawishiwa juu ya thamani yake.

EAIFR ni mshirika wa kituo cha Trieste kilichokwisha tajwa, ambacho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Salam alipata Nobel mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kwa kuunganisha nguvu mbili za asili katika nadharia moja, nadharia ambayo haisimami bila uga wa Higgs. Katika hotuba yake ya karamu huko Stockholm alisoma aya za Kurani. Alikuwa amerudi kwao kufundisha miaka ya 1950, akajikuta mbali na maktaba, mbali na wenzake, na akalazimika kuchagua kati ya nchi na sayansi yake. Akaondoka. Kituo cha Trieste alikijenga ili kijana wa nchi maskini asilazimike kuchagua hivyo.

Assamagan naye amekuwa mmoja wa viongozi wa Mkakati wa Afrika wa Fizikia ya Msingi na Tumizi, ambapo wanafizikia wa bara zima hujaribu kukubaliana ni vyombo gani vijengwe, kwa utaratibu gani, na nani alipe. Swali la mwisho ndilo gumu. Shule ya wiki tatu yaweza kulipwa na wafadhili wa Geneva na New York. Maabara ya miaka thelathini haiwezi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Nyarugenge anayesoma fizikia na hisabati, njia iliyopo leo ni hii: shahada ya kwanza nchini, maombi ya Shule ya Afrika kwa njia ya intaneti anapotimiza mwaka wa tatu, kisha uzamili EAIFR au kwingineko. Masomo ya ngazi hizo hutolewa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini istilahi zake za fizikia ya chembe bado ni chache, na nyingi zilizotumika katika makala haya zimeazimwa kwa kubadilishwa mwisho wa neno tu. Katika orodha ya miji iliyowahi kuwa mwenyeji wa Shule ya Afrika hadi ile ya Marrakesh 2024, Kigali ndio mji pekee wa Afrika Mashariki.